Chungu Kisicho na Nyama

Iko siku moja ya baridi ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na leo nimeona nikuandikie. Usicheke kwamba nakuita mwanangu hali mimi mwenyewe sina hata unywele mmoja mweupe. Hapa Guangzhou umri hatuuhesabu kwa miaka ya kuzaliwa, tunauhesabu kwa misimu ya baridi mtu aliyoivuka. Nawe uliyeshuka juzi na kijikoti cha jinzi na sendozi, ukitangaza uwanja wa ndege mzima kwamba China ya kusini ni joto, kwangu mimi ni mtoto mchanga. Bado hata shingo haijakaza.

Baridi ya huku si ya theluji ile ya kwenye picha. Ni ya unyevunyevu. Inapanda kutoka kwenye vigae, inaingia soksi, inakaa magotini kama mgeni asiyeaga. Nyumba hazina cha kuzipasha moto, basi unatoka ndani kwenda kuota jua nje. Shati ukilifua leo utalivaa wiki ijayo, na bado litakuwa linakulilia mgongoni. Wenyeji wameizoea. Sisi tuliozaliwa Tandika tunaivalia makoti mawili na kuimba kwa meno.

Wakati huo nilikuwa mgeni kama wewe. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, nina ndoto nyingi kuliko nguo, na Bi Rehema ndiye aliyenileta nimsaidie kazi. Bi Rehema ni mama mtu mzima wa Unguja, anasafirisha nguo za watoto, mwembamba wa mwili na mnene wa maneno. Nilimwita Bibi, yeye akaniita mwanangu, akanifundisha kila kitu, tangu kupapasa kitambaa mpaka kupika. Tulikaa chumba kimoja ghorofa ya tatu, sisi wawili pamoja na marobota ya nguo yaliyopangwa mpaka darini. Ukitaka kugeuka kitandani ulimwomba radhi robota kwanza.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kichina, mjane, akiishi ghorofa ya chini. Tulimwita Ayi, ndivyo watu wa huku wanavyomwita mama wa makamo, kama sisi tunavyosema shangazi. Alikuwa mtu wa heshima zake, hasemi sana. Sasa ikatokea kwamba ndugu mmoja alitoka nyumbani akatuletea dagaa wakavu. Mwanangu, unajua mtu akiwa mbali na kwao anavyokuwa na kichaa cha dagaa. Tuliwakaanga siku hiyo hiyo, na vitunguu, na pilipili, dirisha tumelifunga kwa sababu ya baridi. Moshi ukapita chini ya mlango, ukashuka ngazi zote, ukabisha hodi kila chumba. Majirani walitoka nje wakidhani mtu amefia ndani.

Ayi alipanda na kitambaa puani. Alituambia kwa upole, na upole wa namna ile unatisha kuliko makelele, kwamba mkataba wetu unaisha sikukuu ya mwaka mpya wao inapoanza. Ataupima. Baada ya siku ya kwanza ya mwaka atatuambia kama tunabaki au tunahama.

Ngoja nikueleze uzito wa neno hilo. Sikukuu ile ikifika, mji huu unafungwa. Vyerehani vya Kangle vinanyamaza, maduka ya Liuhua yanashusha milango, madalali wa vyumba wanarudi makwao, mpaka wauza tambi wa kona wanaondoka. Kontena letu lilikuwa lipakiwe bandarini Nansha baada ya sikukuu, si kabla. Kwa hiyo tukitolewa siku zile, marobota yale yote, mtaji wote wa Bi Rehema, yangelala barabarani kwenye manyunyu. Na magoti yake yalikuwa yameshaanza kugoma hata kwenye ngazi. Kupata chumba kingine, mgeni, katikati ya sikukuu? Heri umtafute jogoo anayetaga.

Tangu siku ile hatukukaanga kitu. Bi Rehema akatoa chini ya kitanda chungu chake cha umeme. Utakiona madukani, vimejaa: nje kimevishwa plastiki, ndani ni udongo mweupe, kina tumbo kubwa na mfuniko mzito. Moto wake ni mdogo sana. Hakipiki kama jiko, kinapika kama mtu anayefikiri. Unakijaza asubuhi, unakwenda zako sokoni, ukirudi jioni umepigwa na upepo mpaka masikio hayasikii, unafungua mlango na chumba kizima kinakukumbatia.

Humo tulipika kila kisicho na nyama, kwa sababu nyama ya halali ilikuwa mbali, na soko la mboga lilikuwa karibu. Choroko na tangawizi nyingi. Boga na karanga za kutwangwa. Magimbi, ambayo wenzetu hawa wanayapenda kama sisi, pamoja na tui la nazi. Bi Rehema alinifundisha kwamba mizizi ikae chini karibu na moto, majani yaje mwisho, maji yawe kidogo kwa kuwa chungu hakipotezi mvuke, na tui zito litiwe chakula kikishaiva lisije likakatika. Na maharage mekundu, sikiliza hili vizuri: uyaroweke usiku, maji yale uyamwage, halafu uyachemshe kwanza yatokote kwa nguvu kwenye sufuria ya kawaida ndipo uyahamishie chunguni. Moto mdogo peke yake hauwezi kuyatoa ukali wake, na tumbo lako ndilo litakalosimulia.

Jirani wa jengo la pili, Mama Beatrisi, Mkongo wa Bukavu anayenunua mawigi, alikuwa akija kula kwetu. Siku ya kwanza alichungulia chunguni akashika kiuno.

"Eh, maman! Mi naona tu majani na viazi. Nyama iko wapi? Tutakula nini, mvuke?"

"Kaa kitako wewe," Bi Rehema akamwambia. "Mchele mmoja, mapishi mbalimbali."

Alikaa. Alikula. Aliomba ukoko. Kuanzia hapo alikuwa anakuja kabla ya chakula, na sahani yake mkononi.

Basi katika kupishana na Ayi ngazini nikajua jambo. Siku ya kwanza ya mwaka wao, yeye na wazee wengi wa huku hawagusi nyama wala samaki. Ni ibada yao, wanaanza mwaka kwa kinywa safi. Na mwaka ule mtoto wake wa pekee, anayefanya kazi mkoa wa mbali, asingeweza kuja. Angekula peke yake.

Mwanangu, kichwa changu kikawaka kama taa za Liuhua. Nikapanda ngazi mbio.

"Bibi! Tumwalike Ayi! Chungu chetu hakina nyama! Atakula, atafurahi, atatuachia chumba, kisha ataniachia na lile duka lake tupu la chini nifungue mgahawa, nitauita Chungu cha Zuhura, watakuja watu kutoka..."

"Ndoto zako zinaiva kabla ya maharage," Bi Rehema akanikata. Lakini alitabasamu. "Kumwalika ni vyema. Mtu asile peke yake siku ya sikukuu. Ya chumba muachie Mola."

Nikashuka kumwalika, kwa Kichina changu cha kuokoteza. Nikamwambia mei you rou, hakuna nyama. Mei you ni neno ambalo kila mfanyabiashara analijua, maana kutwa unaambiwa hilo madukani: hakuna, hakuna, hakuna. Ayi akaitikia kwa kichwa. Nilipanda ngazi mbili mbili.

Siku yenyewe ikafika. Nje manyunyu, mtaa mtupu, karatasi nyekundu za baraka zimebandikwa milangoni. Asubuhi tulijaza chungu: maharage tuliyokwisha kuyachemsha, magimbi, uyoga mkavu, tangawizi, binzari. Mama Beatrisi akaja mapema, amevaa kitenge juu ya koti, akaanza kumenya viazi vitamu huku akitutania kwa lugha mbili. Chumba kikajaa harufu nzuri, madirisha yakatoka jasho. Nilikuwa na furaha mpaka nikawa najigonga kwenye marobota.

Alasiri nikafagia. Chini ya meza nikaokota kijikaratasi cha rangi ya dhahabu kimekunjwakunjwa. Nikakinyoosha. Kilikuwa na picha ya ng'ombe.

Kilikuwa kifuko cha kidonge cha supu ya nyama, vile tunavyoletewa kutoka nyumbani. Nikakiinua juu. Mama Beatrisi akatazama, mimi nikatazama, sote wawili tukamgeukia Bi Rehema. Bi Rehema alikuwa ameshika mwiko. Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mkono, mwanangu," akasema taratibu. "Mkono umetia wenyewe. Miaka arubaini natia kidonge kwenye maharage. Wala sikujua."

Chungu kinatokota kwa adabu zake.

Mama Beatrisi ndiye aliyeanza. "Ah, ni kadonge kamoja tu! Kamekwisha kuyeyuka. Ule ng'ombe mwenyewe hajue kama iko humu ndani. Tuache tu, ma chère, Ayi hatajua."

Nami, nisikufiche, nilitazama marobota yale mpaka darini, nikasikia manyunyu, nikaona maneno ya Mama Beatrisi yana akili nyingi sana. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Chungu cha polepole hakianzishwi jioni ukala jioni. Nikasema, "Bibi, hakuna muda. Na hata ladha haionekani."

Hapo ndipo nilipoambiwa neno lililonikalia mpaka leo. Hakupandisha sauti. Aliuweka mwiko chini, akanishika kidevu.

"Zuhura. Kila tukiingia mgahawani katika mji huu, tunauliza nini?"

"Tunauliza kama kuna nguruwe."

"Na mpishi akisema hakuna, tunafanya nini?"

"Tunakula."

"Tunakula. Tunamjua? Hatumjui. Tumeingia jikoni kwake? Hatujaingia. Mji mzima huu, mwanangu, tunaishi kwa kuamini kinywa cha mpishi. Leo mpishi ni mimi. Sasa mtu akinitilia mimi nguruwe kwa bahati mbaya, akajua, akaninyamazia kwa kuwa ana haja zake, wewe utamwita nani?"

Mama Beatrisi aliacha kumenya.

"Na chumba?" nikauliza.

"Chumba ni cha Ayi. Kinywa ni cha Ayi. Vyote viwili ataviamua mwenyewe." Akachukua kijikaratasi kile. "Nishike mkono. Magoti haya leo yatateremka yakitaka yasitake."

Tukashuka ngazi moja moja. Ayi alifungua mlango amevaa sweta jekundu jipya, nywele kazichana, na mkononi ana kifurushi cha machungwa madogo ya sikukuu tayari kuja kwetu. Mwanangu, yale machungwa yaliniuma. Bi Rehema akamwonyesha kijikaratasi. Kichina chake chote kilikuwa cha sokoni, lakini alikitafuta, akakipata.

"Ayi. You rou." Kuna nyama. Akagusa kifua chake. "Mimi. Mimi nimekosea."

Nikaongeza maneno machache niliyoyaweza, kwamba ni bahati mbaya, kwamba asile, kwamba tunamtaka radhi siku yake kubwa. Ayi akavaa miwani. Akakisogeza kijikaratasi karibu na macho. Yule ng'ombe alikuwa amechorwa anacheka, na mimi nikamchukia kwa moyo wangu wote. Kisha Ayi akauliza neno moja: mtakula nini? Nikamwambia sijui. Akaitikia "ng", akafunga mlango.

Tulipanda. Sikumbuki ngazi zile. Bi Rehema alikuwa akivuta uradi kidogokidogo. Juu, Mama Beatrisi alikuwa ameshamimina chakula chote kwenye sufuria kubwa, amekifunika kwa taulo.

"Hii nabeba kwa wale vijana wa Lubumbashi, pale jengoni kwetu," akasema. "Wamelala na biskuti toka jana. Wao hata ng'ombe muzima angeanguka humo, watasema merci." Akashuka nayo akiimba wimbo wa kanisani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hivi unavyonisoma, yuko mmoja wa vijana wale bado akinikuta sokoni anauliza maharage yale yatapikwa lini tena.

Tukabaki wawili na chungu kitupu. Nilianza kuhesabu marobota ya kubeba kwanza. Ndipo nikasikia viatu vya kitambaa kwenye ngazi, polepole, na pumzi ya mtu aliyebeba kitu.

Ayi. Kwapani ana gimbi kubwa kama kichwa cha mtoto. Mkononi mfuko wa uyoga, ngozi za maziwa ya soya zilizokaushwa, kabichi, karanga. Na amekuja na mwiko wake mwenyewe! Alikichukua chungu, akakisugua kwa maji ya moto, akakinusa, akakisugua tena, akamnusisha na Bi Rehema. Bi Rehema akainua kidole gumba. Basi wale wamama wawili, hawana lugha moja, wakaanza kugombea mezani. Ayi anataka tangawizi ikatwe vipande, Bi Rehema anataka itwangwe. Ayi anaweka kitunguu pembeni, hicho leo hakihusiki, nacho ni mwiko kwake siku ile kama nyama. Bi Rehema anakuna nazi, Ayi ananyoosha shingo kuona nyeupe ile inatoka wapi.

Kisha tukafunika. Na tukangoja.

Hapa ndipo penye siri, mwanangu, ambayo mimi na haraka zangu nisingeijua. Ungekuwa ni wali wa kukaanga, tungekula kwa dakika chache, tungesema asante, kila mtu kwake. Lakini chungu kile kilitulazimisha. Hakuna pa kukaa ila kitandani, hivyo tulikaa kitandani watatu, miguu tumeitia chini ya blanketi moja, tukila yale machungwa madogo. Mama Beatrisi aliporudi tukawa wanne, blanketi likawa halitoshi, ikawa kuvutana na kucheka. Ayi alimpigia mwanawe simu ya video. Kijana yule aliona mama yake amebanwa katikati ya marobota na wanawake watatu waliojifunga vilemba, akadhani ametekwa. Ayi alicheka mpaka akafuta macho. Baadaye, simu ilipozimwa, aliendelea kuyafuta, na Bi Rehema akamshika mkono bila kumuuliza. Naye ana wa kwake walioko mbali.

Mimi nilikuwa nikiinuka kila mara kwenda kufunua. Mara ya tatu Ayi alinipiga kofi la mkono, taa! Bi Rehema akaniambia, "Umepata. Kila ukifunua unakirudisha nyuma. Anayekipenda chakula hakitazamitazami."

Kilipoiva, usiku umeshaingia sana, tulitia tui zito, tukaacha kidogo, tukapakua. Gimbi lilikuwa limelainika likawa kama siagi, uyoga umekunywa nazi, tangawizi inapanda mpaka masikioni. Hakuna aliyemuuliza mwenzake dini, hakuna aliyeuliza nani amechinja. Mwislamu alikula, Mkristo alikula, na yule anayewasha ubani wake mlangoni alfajiri alikula, kutoka chungu kimoja. Mama Beatrisi aliangalia sahani yake ikiwa nyeupe akasema, "Sasa hii mvuke iko na nguvu!"

Ayi alikula bakuli la pili. Akaweka vijiti chini. Akaniuliza, uso mkavu kabisa, wale samaki wanaonuka, mnawakaangia nini?

Nikaona ndiyo saa yenyewe imefika. Nikamfasiria Bi Rehema. Bi Rehema akasema, "Mwambie tukiwala, tunakuwa kwetu kidogo."

Nikamwambia. Ayi akaonyesha juu kwa kidole, darini, akasema kuanzia sasa hao samaki mtawakaangia kwenye paa. Kule kuna upepo. Na mkiisha kuwakaanga, nishushieni wawili, lakini si leo.

Nilichelewa kuelewa, mwanangu. Bi Rehema alielewa kabla sijafasiri, nikaona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilipofahamu kwamba tunabaki nikaruka nikagonga robota, likaniangukia, na hakuna aliyenisaidia kwa vile wote walikuwa wanacheka.

Basi nasaha zangu ndizo hizi, nazo si za kitabuni. Nunua chungu cha umeme kabla hujanunua koti la pili. Koti linakupasha moto wewe peke yako. Usipike chakula cha kubagua watu, mji huu umejaa wanaokula peke yao, na sahani isiyo na nyama ina viti vingi. Ukialika mtu, ukakosea, mwambie kabla hajaosha mikono, hata kama unachokitaka kwake ni kikubwa. Hasa kama unachokitaka ni kikubwa. Wewe ni mgeni hapa, utaishi kwa kuamini vinywa vya watu usiowajua, basi na chako kiaminike. Na kitu kikichukua muda kuiva, usikasirike. Tafuta mtu ukae naye mkingoje.

Haya, mwanangu, jifunge shuka shingoni utoke. Mola akupe mzigo unaofika salama na afya ya kuupokea, akupe majirani wanaogonga mlango kwa mambo ya heri, na baridi ikija, na itakuja, ikukute umeketi katikati ya watu, mikono yako imeshika bakuli la moto. Amin.